Je, Wajua Kwa Nini Mchanga Halisi Huiharibu Nyumba Ndogo ya Mezani?

Tembe langu la kwanza, mfano mdogo wa nyumba ya udongo yenye paa bapa, lilienea kwenye sinia la chai. Nililijenga kwa maboksi na poda ya jipsamu, nikiiga lile la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambamo mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikaa akisubiri wapagazi baada ya mwandishi wa habari Stanley kumuaga Machi 1872. Kuta nilizipatia: nene, nyekundu, na paa bapa juu yake. Nikalibandika kwenye ubao, nikapaka gundi ya mbao kuizunguka nyumba yote, kisha nikachota mchanga mlangoni kwangu nikaunyunyiza. Niliona kazi imekwisha, maana anayetaka ardhi ya Tabora ataipata wapi iliyo bora kuliko ya Tabora yenyewe?

Gundi ilipokauka, tembe likageuka toi. Kuta ni zilezile na rangi ni ileile, lakini jicho lilikataa kuamini kwamba mtu anaweza kuingia mle ndani. Nilihangaika na kuta wiki nzima kabla ya kugundua kwamba aliyeniharibia ni ule mchanga.

Nyumba kama hizi hutengenezwa kwa ajili ya michezo ya vita ya mezani. Wachezaji wawili hupanga majeshi ya sanamu ndogo, hupima mwendo kwa rula, na hurusha dadu kujua risasi imempata nani. Ni mchezo wa siku nyingi. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea mfalme wa Prussia, dola ya Wajerumani ya wakati huo, meza yenye vipande vya jipsamu vilivyopakwa rangi kuonyesha mito, vijiji na vinamasi, ili maofisa wajifunze vita bila kumwaga damu. Tabora nayo ina habari zake za kuwekwa mezani: ngome ya mtemi Isike, aliyewasha ghala lake la baruti Januari 1893 Wajerumani walipomwingilia, au Septemba 1916, majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yalipouteka mji. Chini ya kila nyumba ya mchezo huu huwekwa ubao mwembamba wenye ardhi yake: uwanja, njia, nyasi, pengine na shina la mwembe. Mimi ubao huo nauita kitako.

Sasa tupige hesabu. Sanamu nyingi za mchezo huu zina kimo cha milimita 28 hivi, na nyumba zake hujengwa kwa kipimo cha 1 kwa 56, yaani kila milimita ya mezani ni milimita 56 za kweli. Mchanga wa nje kwangu una chembe za nusu milimita hivi. Zidisha: chembe moja inakuwa milimita 28, imeizidi kokoto ya zege. Nilikuwa nimemwaga lori zima la kokoto uwanjani nikitegemea watu wauone mchanga. Nyumba unaweza kuipunguza, na mlango, na dirisha, hata mtu. Chembe ya mchanga haipungui, nayo ndiyo rula ambayo jicho hupimia kila kilicho karibu nayo.

Halafu fikiria uwanja wenyewe wa kwetu ulivyo. Hufagiliwa asubuhi na mapema, ukawa mgumu na laini, na mistari ya ufagio hubaki imejichora juu yake mpaka kuku waivuruge. Hapo mchanga hauna kazi. Changanya poda ya jipsamu na gundi na rangi ya udongo, tandaza kwa kidole chenye maji, subiri ianze kushika, kisha pitisha mswaki mkuukuu mara moja tu, kwa tao, kama mkono wa mtu anayefagia. Mistari hiyo ni hafifu mno, huioni mpaka uinamishe kitako kuelekea dirishani, na mimi sijaona kitu kinachoipa nyumba wenyeji wake kama hiyo. Mchanga uwekwe pembezoni pasipofagiliwa, tena uliochekechwa kwa stokingi kuukuu. Uoshe kwanza, ukaange kwenye kikaango usichopikia, usije ukaingiza ukungu na mayai ya wadudu ndani ya gundi.

Udongo halisi una kasoro nyingine, nayo ni rangi. Ukiwa mkavu huonekana umepauka kwa sababu kati ya chembe na chembe mna hewa, na mwanga kila unapovuka kutoka kwenye hewa kuingia kwenye chembe hutawanyika, sehemu kubwa ikarudi machoni pako upesi. Maji yakijaza zile nafasi, mwanga hautawanyiki kwa nguvu ileile. Huzama ndani zaidi, chembe baada ya chembe, na mwingi humezwa njiani. Ndiyo maana barabara ya vumbi hukolea rangi mara mvua inapoanguka. Maji huondoka, barabara ikapauka tena. Gundi ikikauka haiendi popote: inabaki imejaza nafasi zilezile, na udongo wako unabaki na rangi ya siku ya mvua hata mwezi wa Agosti.

Tena mezani nyumba huitazama kutoka sentimita 60 hivi, ambazo kwa kipimo chetu ni mita 34. Simama mita 34 kutoka nyumba ya kweli uangalie chini. Chembe huzioni, unaona rangi tu, tena iliyofifia. Kwa hiyo ardhi lazima ipakwe rangi, hata kama ni udongo uliouchota kwa mkono wako. Anza na kahawia iliyokolea, iache izame mashimoni. Ikikauka, chovya brashi kwenye rangi nyepesi zaidi, ifute kwenye kitambaa mpaka udhani haina kitu, uipitishe juu juu. Itashika vilele tu. Rudia kwa rangi iliyopauka zaidi. Mwanga wa chumbani huja kutoka kila upande na kuvifuta vivuli vya vishimo vidogo. Brashi kavu ndiyo inayovirudisha.

Tembe la pili nilimwonyesha fundi wa mtaani kwetu, ambaye kazi yake ni kukarabati nyumba za udongo. Mlango niliokesha nikiuchonga hakuutazama. Aliinama akaangalia pale ukuta unapokutana na ardhi.

“Kaka, nyumba hii haijanyeshewa,” akasema.

Nikamwuliza amejuaje.

“Mvua ikidunda chini inarusha tope ukutani. Huku chini kote kunatakiwa kuchafuke, mpaka usawa wa magoti. Na mchwa je? Hujaweka hata njia moja ya mchwa.”

Usawa wa magoti ni sentimita 50, yaani milimita 9 kwenye tembe langu. Nilichovya mswaki kwenye rangi ileile ya kitako, nikavuta nywele zake kwa kidole gumba, matone yakatua ukutani: mengi chini, machache yakipanda. Njia ya mchwa nikaichora kwa kijiti cha kiberiti, kahawia, ikipinda kidogo kuelekea kwenye paa. Ufa mweusi uliokuwa kati ya ukuta na ubao niliuziba kwa jipsamu, maana ufa huo peke yake humwambia mtazamaji kwamba nyumba imeletwa ikawekwa. Baada ya hapo tembe lilikaa chini kama lililojengwa palepale.

Anayetengeneza nyumba ya bati ana alama nyingine ya kuweka. Maji hushuka kwa kila bonde la bati na kutoboa ardhi, kitobo kimoja kwa kila bonde, vikapangana kama shanga kwenye uzi. Mabonde huachana sentimita 7 na nusu hivi. Mezani ni milimita moja na kitu. Ncha ya sindano inatosha.

Kitako chenyewe nacho kina tabia yake. Changu cha kwanza kilikuwa boksi nene, na usiku mmoja tu kikajikunja pembe zote nne kama jani lililoanikwa juani. Sababu ni kwamba boksi, kama mbao, ni nyuzi za mti zinazonywa maji na kuvimba. Gundi ya mbao imejaa maji. Yakipotea, gundi husinyaa na kuuvuta upande iliopakwa, huku upande wa pili haujui lolote. Tumia plaiwudi ya milimita 3 au zaidi, na kila unachopaka juu, paka na chini, ili pande zote mbili zivutane sawasawa. Kisha ilalie chini ya tofali mpaka asubuhi. Kingo zisuguliwe kwa msasa zishuke taratibu, meza na kitako vikutane bila ngazi.

Nyasi ndizo zinazonipendeza kuliko yote. Katika nchi ya miombo nyasi za kiangazi husimama wima, za rangi ya dhahabu, na unga wa mbao hauwezi kusimama hivyo. (Wa mninga, ukichekechwa, unafaa sana kwa majani makavu chini ya mti, na kwa maseremala wetu haukosekani.) Nyasi za kusimama ni nyuzi za nailoni za milimita 2 hadi 6. Zikitiwa umeme tuli zote hupata chaji ya aina moja, kwa hiyo husukumana, kila moja ikitafuta nafasi yake. Gundi mbichi hupitisha umeme. Ukichomeka msumari ndani yake na kuuunga kwa waya na kifaa kinachotia umeme huo, nyuzi huruka kutoka kwenye chujio la kifaa na kujichomeka ardhini kwa ncha, zikafuata njia ya umeme. Gundi ikikauka zinabaki wima.

Kifaa hicho wengi hukiunda kutokana na raketi ya kuulia mbu, ile ya betri, kwa kuwa ndani yake mna saketi inayopandisha umeme hadi volti mia kadhaa au hata elfu kadhaa. Ukiifungua, jua kwamba kapasita yake, kile kipande kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa. Watoto wasiiguse, na wewe usishike nyaya zake kwa mikono miwili.

Nyasi zisipandwe kila mahali. Sanamu ya askari husimama juu ya kisahani cha milimita 25 hivi, na kisahani hicho kikikuta nyasi au jiwe huegemea, sanamu ikaanguka na rangi yake ikachubuka. Kwa hiyo mbele ya mlango mimi huacha pabapa pa upana wa milimita 30. Hapo hapana kokoto wala nyasi, ni ile ardhi iliyofagiliwa tu, na njia nyembamba iliyokanyagwa ikitoka hapo kwenda kwenye kivuli cha mwembe.