Kabla ya Kuridhia Mkataba wa Kimataifa: Nini Hupimwa, na Hupimwa Wapi

Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki tarehe 10 Oktoba 2013, mkataba huo ulipofunguliwa kwa saini mjini Kumamoto, Japani, lakini hati ya kuridhia iliwasilishwa Umoja wa Mataifa Oktoba 2020. Wananchi wengi huuliza kwa nini hatua hizo mbili zipishane kwa miaka saba. Saini huonyesha nia ya nchi. Kinachoifunga kisheria ni kuridhia, na kwa mujibu wa Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya mwaka 1977 ni Bunge lenye mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba ya namna hiyo. Katikati ya saini na Bunge ndipo inapopaswa kufanyika tathmini ya kama nchi iko tayari.

Katika vikao vingi tathmini hiyo hupotezwa kwenye swali lisilo na ubishi, yaani kama lengo la mkataba ni jema. Hakuna mtu mwenye nia njema atakayepinga kudhibiti sumu iliyowaua na kuwalemaza wakazi wa Minamata, mji wa Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya watu kula samaki wa ghuba iliyokuwa ikipokea majitaka ya kiwanda cha kemikali. Swali linalostahili muda wa wataalamu ni jingine: kila ibara inamdai nani, afanye nini, kwa nyenzo zipi na kwa fedha za nani?

Kwa Tanzania, uzito wa mkataba huu uko kwenye Ibara ya 7, inayohusu uchimbaji mdogo wa dhahabu. Nchi yenye uchimbaji wa aina hiyo kwa kiwango kisicho kidogo hulazimika kuandaa mpango kazi wa kitaifa, kuuwasilisha kwa Sekretarieti ya mkataba na kuupitia upya kila baada ya miaka mitatu. Mpango huo lazima uwe na hatua za kukomesha mambo manne: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga mzito pekee, kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu mahali pa wazi, kuuchoma kwenye makazi ya watu, na kuchenjua kwa kemikali ya sayanaidi mchanga wenye zebaki kabla ya kuiondoa zebaki hiyo.

Mtu akiyasoma haya ofisini huona mambo manne ya kukatazwa. Akienda kwenye mialo, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, ya Geita au Chunya ataona kitu tofauti. Mawe husagwa kwa karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, mchanga huoshwa juu ya magunia yanayonasa chembe nzito, chembe hizo hukusanywa kwenye karai na kuchanganywa na zebaki kwa mkono mtupu. Zebaki ya ziada hukamuliwa kwa kitambaa mpaka libaki donge la rangi ya fedha, ambalo karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki, kisha donge huwekwa juu ya moto wa mkaa. Pasipo chombo cha kunasa mvuke, nusu hiyo huingia hewani na kwenye mapafu ya aliyeinama pale. Mara nyingi zebaki yenyewe huletwa na mnunuzi wa dhahabu, kwa makubaliano kwamba mchimbaji atamuuzia yeye tu.

Halafu yako marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Katika maeneo mengi mwenye karasha huchukua marudio kama sehemu ya malipo yake, kisha huyauza kwa wenye mitambo ya sayanaidi, kwa sababu dhahabu nyingi bado imo ndani yake. Kwa hiyo katazo la nne linagusa jinsi usagaji unavyolipiwa, na yeyote anayelitekeleza bila kumpa mwenye karasha njia nyingine ya malipo ataifanya biashara hiyo ihamie usiku. Kwa maoni yangu, hapa ndipo tathmini nyingi za nchi zinazoendelea hupwaya: hulinganisha maneno ya mkataba na maneno ya sheria zetu, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na pale maneno yanapofanana huandika kwamba nchi inafaa. Kinachotakiwa kuhesabiwa ni wakaguzi walioko wilayani, magari yao, na vituo ambako mchimbaji anaweza kuonyeshwa njia isiyotumia zebaki, kama vile kituo cha Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) kilichoko Lwamgasa, Geita.

Majirani nao huhesabiwa. Ibara ya 3 hutaka nchi inayopokea zebaki itoe ridhaa yake kwa maandishi kabla mzigo haujasafirishwa, lakini karatasi hiyo haina nguvu kwenye njia za panya. Rwanda ilijiunga mwaka 2017, Uganda 2019, Kenya 2023. Kwa miaka kadhaa mpaka mmoja ulikuwa na masharti upande mmoja tu. Kuna pia suala la Muungano: mazingira si jambo la Muungano, hivyo wajibu uliobebwa na Jamhuri nzima hutekelezwa Zanzibar kwa sheria na taasisi za Zanzibar, nazo zapaswa kuwapo mezani tangu mwanzo.

Yote haya hayamaanishi kwamba nchi yenye uwezo mdogo ibaki nje. Zebaki huingia hata kwa nchi isiyo mwanachama, na asiye mwanachama hukosa sehemu ya msaada wa fedha na utaalamu ulioahidiwa katika Ibara ya 13. Ila msaada huo kwa kawaida hugharamia utafiti, mafunzo na miradi ya mfano, wakati mishahara ya wakaguzi hubaki kwenye bajeti yetu, na Bunge lina haki ya kuonyeshwa kiasi hicho kabla ya kupiga kura.

Tarehe nazo zina gharama. Mkataba ulianza kuibana Tanzania Januari 2021, wakati muda wa mwisho wa kutengeneza na kuingiza bidhaa kadhaa zenye zebaki, vikiwamo vipimajoto vya hospitali, ulikuwa mwaka 2020. Nchi inayohitaji nafuu ya muda hutakiwa kuiomba inapojiunga. Viambatisho navyo hubadilika: awali vipodozi vilikatazwa vikiwa na zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni, lakini mwaka 2023 huko Geneva nchi wanachama ziliondoa kiwango hicho, na vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikapangiwa kukoma mwaka 2025. Mzigo wa kuthibitisha hilo uliangukia maabara za vipodozi, ambazo zilihitaji mashine, vitendanishi na wataalamu ambao mwaka 2013 hakuna aliyekuwa amewaweka kwenye hesabu.