Ramani ya Kale ya Topografia: Maana Yake na Namna ya Kuisoma

Ramani ya topografia huonyesha sura ya nchi kwa kontua, yaani mistari ambayo kila mmoja hupita mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Huitwa ya kale pale toleo lake linapopitwa na mapya, nayo hutunzwa kwa sababu imebeba vitu ambavyo ardhini havipo tena. Kwenye milima ya Appalachia, Marekani, vitu hivyo ni migodi ya makaa ya mawe, vijiji vya wachimbaji na matawi ya reli yaliyokwisha kung'olewa.

Shirika la upimaji wa jiolojia la nchi hiyo, USGS, lililoanzishwa mwaka 1879, lilichora eneo hilo kwanza kwa skeli ya 1:125,000, baadaye 1:62,500, kisha 1:24,000. Kwenye ile ya kwanza sentimita moja ni mita 1,250, kwa hiyo mlango wa mgodi hauna pa kukaa. Kwenye 1:24,000 sentimita ni mita 240, na mlango huo unauona: alama kama herufi Y. Shimo la wima ni mraba mdogo uliojazwa weusi nusu.

Kusini mwa jimbo la West Virginia, kwenye milima hiyo, matabaka ya makaa yamelala karibu sawasawa. Ukikuta Y tatu au nne zimefuatana kwenye kontua moja ubavuni mwa mlima, umeona mahali tabaka linapotokeza. Reli huwa chini, imebanana na kijito. Mteremko wake unapimika kwa rula: kwa 1:62,500 yenye kontua za kila futi 50 (kama mita 15), reli ikivuka kontua moja kila sentimita 1.2 (mita 750 ardhini), inapanda takriban asilimia 2, kazi nzito kwa treni ya makaa.

Kinachopotosha wengi ni mwaka. Pembeni mwa ramani huweza kuwapo mwaka wa upimaji, wa toleo na wa kuchapwa upya, na ramani iliyochapwa upya huenda ina upimaji wa miaka mingi nyuma. Reli iliyojengwa kati ya upimaji na uchapaji huo haitaonekana, hivyo usiseme haikuwapo. Rangi ya zambarau ni nyongeza zilizotolewa kwenye picha za angani, mara nyingi bila kuhakikiwa ardhini.

Ukiilaza ramani ya kale juu ya picha ya setilaiti ili kuzioanisha, ibane kwenye makutano ya mito na midomo ya mahandaki ya reli. Usitegemee kontua za matoleo ya mwanzo. Nyingi zilichorwa kwa macho kati ya nukta chache zilizopimwa.