Onyango na maneno ya kibandani kuhusu makipa

Kwenye kibanda cha kuonyesha mpira Kampala, mechi ikianza tu kila mtu ni kocha wa makipa. Jina linalotajwa sana ni la Denis Onyango, kipa wa Uganda, na mengi yanayosemwa juu yake hayana mguu wa kusimamia.

“Golikipa ni yule aliyeshindwa kucheza ndani.” Hili tumelisikia tangu viwanja vya shule. Lakini tangu 1992 sheria inamkataza kipa kudaka kwa mikono pasi ya makusudi anayorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Asiyejua kutuliza mpira na kuupiga hana kazi golini.

“Onyango aliibuka tu 2016.” Hapa ndipo watu hukosea zaidi. Alitoka SC Villa akaenda Saint George ya Ethiopia, kisha akahamia Afrika Kusini: SuperSport United, Mpumalanga Black Aces, halafu Mamelodi Sundowns mwaka 2011. Hata Sundowns hakupokewa kama mfalme. Alitolewa kwa mkopo kwenda klabu ya Bidvest Wits. Na benchi la kipa ni chungu kuliko la straika. Straika wa akiba hutupiwa dakika ishirini za mwisho. Kipa wa pili husubiri wa kwanza aumie, apewe nyekundu au aharibu, na hakuna muungwana anayeomba hayo.

Kwa hiyo 2016 ilimkuta na miaka 31. Mwaka huo Sundowns walikuwa wameshatolewa Ligi ya Mabingwa Afrika na AS Vita ya Kongo, wakarudishwa baada ya Vita kuadhibiwa kwa kuchezesha mchezaji asiyeruhusiwa. Wakafika fainali, wakaifunga Zamalek ya Misri 3-0 nyumbani, wakapoteza 1-0 ugenini, kombe likawa lao. Septemba, kwenye uwanja wa Namboole, bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro likaipeleka Uganda Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kwa mara ya kwanza tangu 1978. Januari 2017 CAF, shirikisho la soka Afrika, ikampa Onyango tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika, mwaka mmoja baada ya Mbwana Samatta. Hakuna kipa aliyewahi kuipata kabla yake.

“Uganda ina kipa mmoja tu.” Mashabiki wa Simba hawawezi kusema hivyo: Abel Dhaira, Mganda mwenzake, alidaka Msimbazi. Saratani ilimuua Machi 2016 akiwa Iceland, na miezi michache baadaye Cranes, timu ya taifa ya Uganda, wakafuzu bila yeye.

“Penalti ni kubahatisha.” Kutoka mita 11 mpira hufika kabla nusu sekunde haijaisha, kwa hiyo anayengoja auone umeelekea wapi amechelewa. Kipa husoma mguu wa kuegemea, nyonga, mwendo wa mpigaji, na penalti zake za nyuma. Wakati huohuo sheria inamdai mpira unapopigwa walau sehemu ya mguu mmoja iwe kwenye mstari au nyuma yake. Julai 2019 kwenye AFCON jijini Cairo, Sadio Mané alikuwa ameshaifungia Senegal alipopewa penalti kipindi cha pili, na Onyango akaipangua. Tulitolewa 1-0, ndiyo maana wengi hawaikumbuki. Mimi naihesabu kati ya kazi zake bora.

“Akistaafu, ameisha.” Alipoaga timu ya taifa Aprili 2021, kibanda kilimzika. Aliendelea kuwa mchezaji wa Sundowns, na kwa AFCON ya Morocco mwishoni mwa 2025 akarudi Cranes akiwa na miaka 40. Wala si mwujiza. Dino Zoff alibeba Kombe la Dunia 1982 kama nahodha wa Italia akiwa na umri huohuo, na Essam El-Hadary wa Misri alipangua penalti ya Saudi Arabia kwenye Kombe la Dunia 2018 akiwa na 45. Kipa hakimbii kilomita nyingi kama kiungo. Silaha zake ni kujipanga na kuwapangia mabeki, na hizo hukua na umri. Kinachomtoa ni vidole, mabega na magoti.

Halafu wapo wasemao kwamba baada ya glovu hakuna maisha. Fred Kajoba, aliyewahi kuwa kipa, amefundisha makipa wa Cranes kwa miaka. Zoff aliifikisha Italia fainali ya Euro 2000 akiwa kocha mkuu. Ugumu halisi ni nafasi: klabu huhitaji kocha mmoja tu wa makipa, zile ndogo hazina hata huyo, na makipa wanaotundika glovu ni wengi kila msimu.