Peroksisomu: kifuko cha seli kinachojengwa kwa protini kushikana

Kata kiazi mviringo kibichi, cha Uyole au cha Njombe, ukidondoshee ile haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda inayouzwa famasi. Povu litafumka papo hapo. Kazi hiyo inafanywa na kimeng'enya kiitwacho katalesi, kinachovunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Ndani ya seli, katalesi hukaa zaidi kwenye vifuko vidogo vyenye utando mmoja, ndivyo peroksisomu. Jina vilipewa na Mbelgiji Christian de Duve, miaka ya 1960.

Humo ndimo zinamovunjwa asidi za mafuta zenye minyororo mirefu sana, na peroksaidi huzalishwa katika kazi hiyo hiyo. Mbegu ya alizeti ikichipua shambani Iringa, peroksisomu ndizo zinazoanza kuyachakata mafuta yake ili yaje kuwa sukari. Mche hula akiba hiyo hadi uanze kujitegemea kwa jua.

Sasa, tofauti na mitokondria, vifuko vinavyoipa seli nishati, peroksisomu haina jeni hata moja ya kwake. Kila protini yake hutengenezwa nje, kwenye saitoplazimu, yaani ute unaoijaza seli, na ni lazima ipate njia ya kufika. Zinazosimamia shughuli hii ni protini ziitwazo peroksini, ambazo huandikwa PEX na kutambuliwa kwa namba.

Utando hutangulia. Protini za utando zina sehemu zinazokimbia maji, zikiachwa hivihivi zitagandana. PEX19 huzidaka na kuzifunika sehemu hizo, kisha huzipeleka kwa PEX3 iliyojichomeka kwenye utando. Hizo mbili zikishikana, mzigo hukabidhiwa. Ikikosekana mojawapo, seli haipati peroksisomu kabisa.

Protini za ndani zina utaratibu wake. Nyingi hubeba mkiani asidi amino tatu, yaani vipande vinavyounganishwa kuwa protini: serini, lisini, lusini. PEX5 ina kishimo kinachoukumbatia mkia huo, kama kuli wa soko la Mwanjelwa anayetafuta alama ya tajiri wake kwenye gunia. Hutia nanga kwa PEX14 na PEX13, ikajipenyeza yenyewe kwenye utando, na mzigo ukaingia. Kwangu hapa ndipo penye ajabu: mzigo huingia ukiwa umeshakunjwa tayari, wakati mitokondria hutaka protini inyooshwe kama uzi kwanza.

Kisha PEX5 lazima itoke, ikachukue mzigo mwingine. PEX2, PEX10 na PEX12 huibandika alama ya yubikwitini, protini ndogo, halafu PEX1 na PEX6, zikitumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, huivuta nje. PEX1 haigusi mzigo wenyewe, lakini hitilafu ya jeni yake ndiyo inayoongoza kusababisha magonjwa ya kundi la Zellweger, yanayowapata watoto tangu kuzaliwa: misuli hulegea, ini na ubongo huathirika. Ukizitazama seli zao, mara nyingi utando upo, ila ndani ni kutupu, na katalesi imebaki ikielea nje.