Sabuni haikatiki kwa kugeuza mwiko

Kila ninapofundisha wajasiriamali wa sabuni ya maji hapa Mwanza, iwe Igoma au Buswelu, hakosi mtu wa kunikanya: "Mwalimu, usibadilishe upande wa kukoroga, sabuni itakatika!" Yaani itaharibika.

Haikatiki. Salfoniki, soda na sles, malighafi za sabuni hii, havijui mwiko umetokea kulia au kushoto. Tena ukizungusha upande mmoja tu, pipa zima linazunguka pamoja na mwiko, kama abiria wa daladala: wote wanasafiri, hakuna anayebadilisha kiti. Jaribu kwenye ndoo ya sabuni iliyokwisha kuwa nzito. Dondoshea tone la rangi karibu na ukingo, ukoroge polepole upande mmoja. Rangi itajichora duara na kuendelea kuzunguka humo humo, huku chini hakujafika kitu. Sasa chota kutoka chini kuja juu, kata katikati, geuza upande. Duara linavunjika palepale.

Viwandani wanalijua hili siku nyingi. Matangi mengi ya vimiminika vyepesi huwekewa vibao 4 vya wima ukutani, upana wa kila kimoja kama 1/10 au 1/12 ya kipenyo cha tangi, ili kuuvunja mzunguko huo. Wao wanalipia chuma kuuzuia, sisi tunaulinda kama mila!

Najua imani hii inakotoka. Mtu anageuza mwiko kwa pupa, hewa inaingia, sabuni inakuwa nyeupe kwa mapovu, basi anasema imekatika. Kosa ni pupa. Iache ilale, kesho utaikuta imetakata.

Mabonge ya CMC, unga wa kuipa sabuni uzito, nayo eti dawa yake ni kukoroga zaidi. Ukiimwaga yote kwa mkupuo, unga wa nje unalowa na kuwa utelezi unaoufungia wa ndani ukiwa mkavu. Pasua bonge moja kwa kidole, utauona. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye maji yanayozunguka, au changanya kwanza na gliserini ndipo uitie majini. Mimi ni wa gliserini, msinibishie.

Chumvi nyingi, sabuni nzito? Hadi kiwango fulani. Ukikipita, sabuni ya sles inarudi kuwa maji, na kila kijiko unachoongeza kinazidisha hasara. Pima kwanza kwenye kikombe.

Mashine ya kasi nayo si ya kila kazi. Kisahani chenye meno ni cha kuvunja mabonge. Kusambaza rangi na pafyumu ndani ya sabuni nzito kunataka kasia pana, la mwendo wa taratibu.

Na anayedhani kuchanganya hakuzidi, aulize watengenezaji wa vidonge. Magnesiamu stearati, ile ya kuzuia dawa isigande kwenye mashine, ikichanganywa muda mrefu inapaka kila chembe. Kidonge kinakosa ugumu na kuchelewa kuyeyuka tumboni. Ndiyo maana huiweka mwishoni, wakachanganya dakika chache tu, wakazima.