Vidonda vya ngozi kwa mgonjwa wa utumbo: yanayosemwa na ukweli wake

"Kidonda kisichopona kina uchafu ndani. Kikwanguliwe mpaka nyama safi ionekane."

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana husemwa kwa nia njema. Mwenye ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, yaani magonjwa sugu ya utumbo kuvimba, anaweza kuota kipele mguuni, utadhani kaumwa na mdudu. Siku chache baadaye kimepasuka na kuwa kidonda chenye maumivu makali, kingo zake za zambarau zikining'inia juu ya shimo. Huitwa pioderma gangrenosamu. Jina hilo, lililotolewa Marekani mwaka 1930, linapotosha: si maambukizi wala si nyama kuoza. Ni kinga ya mwili inayoishambulia ngozi yake yenyewe. Ukikikwangua, kinapanuka. Hata tundu la sindano linaweza kugeuka kidonda kingine.

Kinatibiwa kwa dawa za kutuliza kinga, kama prednisoloni au siklosporini. Lakini usijinunulie dukani! Kama ni maambukizi kweli, dawa hizo huyapa nguvu. Ndiyo maana daktari huchukua kwanza kipande kidogo cha ngozi kipimwe maabara.

"Ngozi ingekuwa na shida, ingekuwa nyekundu."

Kwa mtu mweupe, sawa. Kwenye ngozi nyeusi, vinundu vya erithema nodosamu, shida nyingine ya ngozi inayowapata wagonjwa hawa, huwa vya zambarau au kahawia iliyokolea, na mara nyingine mkono huvigundua kabla ya jicho. Pitisha kiganja taratibu juu ya muundi: pana joto, pana kitu kigumu chini ya ngozi, na mgonjwa anavuta mguu. Vikipona huacha weusi kama wa mtu aliyejigonga, bila kovu. Ila kifua kikuu nacho huleta vinundu hivihivi, kwa hiyo ukiambiwa upige picha ya kifua, kapige.

"Tumbo likitulia, na ngozi itatulia."

Kwa vinundu, mara nyingi ndivyo. Pioderma haina ahadi hiyo. Huweza kuja tumbo likiwa shwari, au kabla mtu hajajua kuwa utumbo wake unaumwa.

"Vinaambukiza."

Haviambukizi. Kula naye, lala naye kitanda kimoja.

Na ukienda kwa daktari wa ngozi, mweleze pia habari za choo: kuharisha kwa wiki nyingi, damu, kukonda. Wengi huona haya kuyataja mbele ya daktari waliyemwendea kwa ajili ya mguu, naye hawezi kuyajua kwa kuutazama mguu peke yake.