Je, wajua kwa nini wagombea wa Republican huwabembeleza waumini ambao tayari wako upande wao?

Kila baada ya miaka minne, miezi michache kabla ya Jumanne ya mwanzoni mwa Novemba ambayo Wamarekani humchagua rais, mgombea wa chama cha Republican husimama mbele ya wachungaji na waumini, hunukuu Biblia, huahidi majaji wenye msimamo wa kihafidhina na kuomba aombewe. Ajabu ni kwamba hadhira hiyo haihitaji kushawishiwa. Kwa mujibu wa mahojiano yanayofanywa na wapiga kura wanapotoka vituoni, mwaka 2004 takriban asilimia 78 ya Wakristo weupe wa kiinjili, yaani wale wanaojiita waliozaliwa mara ya pili, walimpigia kura George W. Bush, na mwaka 2016 takriban asilimia 81 walimpigia Donald Trump. Kwa nini basi fedha na siku nyingi kiasi hicho zitumike kuomba kile ambacho mtu ameshapewa?

Jibu ni kwamba mpinzani anayeogopwa mbele ya hadhira hii si mgombea wa Democratic. Mlokole mhafidhina anayekerwa na chama chake ni nadra kuhamia upande wa pili. Anachofanya ni kubaki nyumbani siku ya kura. Kupiga kura Marekani si lazima kisheria, Jumanne yenyewe ni siku ya kazi, na kujiandikisha ni jukumu ambalo kwa muda mrefu limeachiwa raia mwenyewe, kwa hiyo kati ya kumpenda mgombea na kumpigia kura kuna safari ambayo wengi hawaimalizi. Mwaka 2000 Bush alilichukua jimbo la Florida, na pamoja nalo urais, kwa tofauti ya kura 537, huku akiwa ameshindwa kwa zaidi ya kura 500,000 katika hesabu ya nchi nzima, ambayo siyo inayoamua rais, kwa kuwa urais hupatikana kwa kushinda majimbo. Mkuu wa mikakati yake, Karl Rove, alisema baadaye kwamba waumini wapatao milioni 4 waliotarajiwa hawakujitokeza. Hesabu hiyo inaweza kubishaniwa, lakini wapanga kampeni waliiamini, na ndiyo iliyoongoza kazi yote ya mwaka 2004.

Inafaa kukumbuka kwamba waumini hawa hawakuwa jeshi la chama chochote tangu awali. Katika makanisa mengi ya Kibaptisti ya kusini, siasa ilionekana kuwa shughuli ya dunia ambayo mtu aliyeokoka hapaswi kujichafua nayo. Mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, alihubiri mwaka 1965 akiwakemea makasisi walioandamana kudai haki za Wamarekani weusi, akasema kwamba wahubiri hawakuitwa kuwa wanasiasa bali kuziokoa roho. Miaka 14 baadaye, mwaka 1979, Falwell huyo huyo alianzisha jumuiya ya kisiasa iliyoitwa Moral Majority, yaani Wengi Wenye Maadili. Katikati ya hayo mawili alipita Jimmy Carter, mwalimu wa shule ya Jumapili kutoka Georgia, ambaye alitamka wazi kwamba amezaliwa mara ya pili na akashinda urais mwaka 1976 kwa msaada wa walokole wengi, ingawa alikuwa wa chama cha Democratic.

Ni nini kilichowageuza? Maelezo yanayosikika zaidi ni uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Januari 1973, katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, uliohalalisha utoaji mimba nchini kote. Maelezo hayo ni ya kweli kwa sehemu tu. Mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ulikuwa umepitisha azimio mwaka 1971 lililokubali utoaji mimba katika mazingira kadhaa, ikiwemo pale afya ya mama inapokuwa hatarini, na waliobeba mapambano hayo katika miaka ya mwanzo walikuwa zaidi Wakatoliki. Wachungaji walikuwa na machungu mengine: hukumu za 1962 na 1963 zilizoondoa sala na usomaji wa Biblia unaosimamiwa na shule za umma, vuguvugu la haki sawa kwa wanawake, na jambo ambalo halipendwi kutajwa kwenye majukwaa, yaani kodi. Mamlaka ya kodi ya serikali ya shirikisho ilianza kuzinyima msamaha wa kodi shule binafsi zilizobagua watu kwa rangi. Chuo cha Bob Jones cha South Carolina, ambacho kilikataza mapenzi kati ya wanafunzi weupe na weusi, kilivuliwa msamaha huo mwaka 1976. Paul Weyrich, mwanasiasa mhafidhina aliyemsaidia Falwell kuunda jumuiya yake, alieleza mwenyewe kwamba ni tishio hilo kwa shule za Kikristo lililowaamsha wachungaji ambao yeye alikuwa ameshindwa kuwaamsha kwa hoja nyingine. Kwa maoni yangu, kodi iliwaleta wachungaji mezani na mimba ikawapa bendera, kwa kuwa hakuna mchungaji anayeweza kuwahimiza waumini wake wajipange foleni kituoni kwa ajili ya kanuni za mapato, hasa pale kanuni hizo zinapogusa ubaguzi wa rangi.

Mfano uliofuatwa na wagombea wote waliofuata ulionekana Dallas, Texas, mwezi Agosti 1980, katika mkutano wa maelfu ya wachungaji na waumini. Ronald Reagan, mwigizaji wa zamani aliyewahi kutalikiana na mkewe, na ambaye hakuwa mwendaji kanisani wa kutajika, aliwaambia kwamba anajua wao hawawezi kumuidhinisha, lakini angependa wajue kwamba yeye anawaidhinisha wao na kazi wanayoifanya. Sentensi hiyo ilipangwa kwa ustadi mkubwa, na ili kuuona ustadi wake ni lazima kuifahamu sheria iliyokuwa nyuma yake.

Mwaka 1954 seneta wa Texas, Lyndon Johnson, alipenyeza katika sheria ya kodi kifungu kinachokataza taasisi zenye msamaha wa kodi, makanisa yakiwemo, kumpigia kampeni au kumpinga mgombea yeyote. Mchungaji anaruhusiwa kuzungumzia mimba, ndoa au shule, na anaruhusiwa kuwasihi watu wajiandikishe. Asichoruhusiwa, kwa tafsiri iliyotumika kwa miongo mingi, ni kusema kwa niaba ya kanisa kwamba mchagueni fulani. Adhabu zimekuwa chache mno. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha kanisa moja la eneo la Binghamton, New York, ambalo siku chache kabla ya uchaguzi wa 1992 lililipia matangazo magazetini kuwaonya Wakristo dhidi ya Bill Clinton, mgombea wa Democratic, na hata kuomba michango, kwa maelezo kwamba ingepunguziwa kodi. Liliondolewa msamaha wake mwaka 1995, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono hatua hiyo mwaka 2000. Makanisa mengine yalijifunza kusema kila kitu isipokuwa jina.

Hapo ndipo ilipozaliwa mbinu ya kijikaratasi. Pat Robertson, mhubiri wa televisheni aliyegombea mwaka 1988 na kumpita George Bush mzee, baba yake George W. Bush, katika mchujo wa Republican wa jimbo la Iowa kabla ya kuanguka, aliunda mwaka uliofuata jumuiya ya Christian Coalition na kumkabidhi kijana Ralph Reed uendeshaji wake. Jumuiya hiyo ilichapisha mamilioni ya karatasi zilizoorodhesha misimamo ya wagombea wawili katika safu mbili, bila kumtaja anayefaa, na kuzigawa makanisani Jumapili ya mwisho kabla ya kura. Hakuna aliyehitaji kuambiwa achague safu ipi. Mwaka 1994 Republican walilitwaa Baraza la Wawakilishi baada ya kulikosa kwa miaka 40, na Reed akawa mtu wa kutafutwa na kila mgombea.

Kanisa linafaa kwa kazi hii kwa sababu ambazo hazihusiani sana na imani yenyewe. Ni mahali ambapo watu wanaofahamiana hukutana kila wiki, humsikiliza mtu wanayemwamini, na kuulizana aliyekosekana yuko wapi. Chama cha siasa hakiwezi kununua kitu kama hicho. Makanisa ya Wamarekani weusi, ambayo mengi husoma Biblia ile ile na kuhubiri wokovu ule ule, huwabeba waumini kwa mabasi baada ya ibada ya Jumapili kwenda kupiga kura za mapema, na wengi wao huwapigia Democratic. Mwaka 2004 timu ya Bush ilitaka kwenda mbali zaidi ikawaomba wafuasi wake walete orodha za waumini wa makanisa yao, ombi lililowaudhi hata baadhi ya viongozi wa Kibaptisti waliokuwa marafiki wa rais. Katika uchaguzi huo huo majimbo 11 yalipiga kura ya kuzuia ndoa za jinsia moja, na yote 11 yakakubali. Ohio lilikuwa mojawapo, na Bush alilishinda kwa kura takriban 118,000. Iwapo kura hiyo ya ndoa ndiyo iliyoamua, wachambuzi hawajakubaliana hadi leo, kwa kuwa idadi ya wapiga kura iliongezeka pia mahali ambapo ndoa haikuwa kwenye karatasi.

Trump alikuja mwaka 2016 akiwa na kila sababu ya kuwafanya walokole wabaki nyumbani: ndoa tatu, majumba ya kamari, na ulimi uliomsaliti katika chuo cha Liberty, kilichoasisiwa na Falwell, alipotaja "Wakorintho mbili" badala ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Dawa aliyoipata haikuwa toba. Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu, ambayo majaji wake huteuliwa na rais, alikuwa amefariki Februari mwaka huo na kiti chake kilikuwa wazi, hivyo mwezi Mei Trump akatangaza orodha ya majina ambayo angechagua kutoka humo, kisha akamteua Mike Pence, mlokole asiyetiliwa shaka, kuwa mgombea mwenza. Mpiga kura aliyemchukia mgombea alipewa sababu ya kumpigia kura bila kumpenda, na miaka 6 baadaye, tarehe 24 Juni 2022, mahakama hiyo, ikiwa na majaji 3 aliowateua yeye miongoni mwa majaji wake, iliufuta uamuzi wa Roe.

Ushindi huo ulileta shida mpya, kwa kuwa bendera iliyopeperushwa kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa imefika ilikokuwa ikipelekwa. Mwaka 2024 Trump alikataa kuahidi katazo la utoaji mimba la nchi nzima, akasema suala hilo ni la majimbo, na baadhi ya wanaharakati wa kidini wakalalamika waziwazi. Mwezi Julai alihutubia mkutano wa waumini huko West Palm Beach, Florida. Vyombo vya habari vilijadili kwa siku kadhaa kama maneno yake yalikuwa tishio kwa demokrasia, lakini msikilizaji anayeijua historia hii angeweza kuyasikia pia kama malalamiko ya zamani ya wapanga kampeni: aliwaambia Wakristo watoke wakapige kura, mara hii tu, kwani baada ya hapo hawatalazimika kufanya hivyo tena.